Viatu vya Chaji Alivyokutumia Salma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba siku hizi najiitikia mwenyewe, maana nimekuamkia miaka mingi mno, mdomo hauwezi kuacha.

Juzi mteja mmoja alikuja kibandani kwangu Tandika kupunguza suruali, yeye na rafiki yake. Walikuwa wanabishana juu ya viatu walivyoviona kwenye simu, vile vinavyojikaza vyenyewe mguuni. Mmoja anasema hayo ndiyo maendeleo. Mwenzake anasema ni upuuzi wa watu waliochoka kuinama. "Mama, wewe unaonaje?" wakaniuliza. Nikajifanya nahesabu pindo. Ningewaambiaje kwamba niliwahi kukaa nyumba moja na viatu hivyo, nikavionea wivu kama mke mwenza?

Wewe unajua, baba. Nakuandikia haya mbele za watu kwa sababu ulinifichia aibu yangu mbele za watu.

Ulipopata kiharusi, mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikugomea. Nikaacha chumba changu cha Kimara, nikarudi nyumbani Yombo. Mama alikuwa ameshatangulia, Salma yuko ng'ambo na kazi yake ya uuguzi, nikabaki mimi. Daktari wa mazoezi akasema ndala basi, mguu hauzishiki, utaanguka. Uvae kiatu cha kufunika kilichokazwa vizuri. Nikakuletea vya kunata, vya kubandika mkanda bila kamba. Ukavitazama, ukanirudishia. "Hivi ni vya chekechea, Mwanahawa."

Ndiyo, wewe ulikuwa refa. Ulichezesha mechi za mtaani miaka yote niliyokujua, na mchezaji mwenye kamba iliyolegea ulimtoa nje akafunge kwanza. Kwa hiyo ukavaa viatu vyako vyeusi vya ngozi, vya kamba, na kila asubuhi mie nikapiga magoti mbele ya kiti chako.

"Mafundo mawili," uliniambia. "Kamba ikifunguka katikati ya mchezo, mtu anaumbuka."

Kufunga kamba ni kazi ya dakika mbili. Sisi tulichukua nusu saa. Ulinisimulia Masasi ya utoto wako. Ulinisimulia siku mashabiki walipokukimbiza ukajificha kwenye banda la kuku la watu, na mwenye banda akaja kuokota mayai. Nilikuwa nafunga polepole makusudi.

Maana zamani mazungumzo hayo yalikuwa ya Salma. Alikuwa mdogo, lakini yeye ndiye uliyemchukua uwanjani akubebee filimbi, mimi nabaki na mama napepea jiko. Mlirudi jioni mmejaa vumbi, mnacheka. Nikiuliza mnacheka nini, Salma anasema, "Hungeelewa, dada, hukuwepo." Nimekaa na neno hilo miaka arobaini. Halafu maradhi yakakuleta kwangu peke yangu, pale chini miguuni pako, na Mungu anisamehe, kuna asubuhi nilifurahi.

Ndipo vilipofika viatu. Salma alimpa mtu aliyekuwa anasafiri, akavileta mpaka mlangoni. Vya kijivu, havina kamba ya kuonekana, na pembeni vina kijitaa. Ukatumbukiza mguu, ukabonyeza, kikatoa mlio kama nyuki ndani ya kikombe, kikakaza chenyewe. Ukabonyeza tena, kikalegea. Ukacheka, baba. Tangu uugue ulikuwa hujacheka hivyo. Rafiki yako mzee Pazi, aliyekuwa mshika kibendera wako, aliitwa aje kuona.

"Refa, kiatu kinakukumbatia," akasema.

Na wewe ukamwambia yeye, ukamwambia jirani, ukamwambia hata muuza maji: "Salma kanivalisha viatu."

Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika bakuli la uji. Miezi minane magoti yangu yamechubuka kwenye sakafu yako, na aliyekuvalisha ni Salma, ambaye tangu uugue hata miguu yako hajaiona.

Nikaanza kuviteta. Viatu gani vinakula umeme kama friji? Umeme ukikatika je? Na masika haya, na tope la Yombo? Mtu mzima anavaa toi la watoto. Ulinisikiliza, kisha ukasema taratibu, "Mbona simu yako unaichaji, na hutembei nayo mguuni?" Nikanuna. Kilichoniuma sikukuambia. Asubuhi ulikuwa unatoka chumbani umeshavaa, unakunywa uji haraka, huyo unakwenda barazani kwa Pazi na fimbo yako. Mazungumzo yalikatika. Sikujua namna ya kukaa na wewe bila kazi mikononi.

Alhamisi moja Salma alikupigia. Mkaongea muda mrefu, ukawa unacheka mpaka unafuta machozi, nami naosha vyombo nje nikiwasikia. Magharibi ukaniuliza, "Umeviweka kwenye chaji?"

"Nimeviweka, baba."

Nilikuwa sijaviweka. Waya niliuchomeka kwenye simu yangu. Sikupanga ubaya mkubwa. Nilitaka tu asubuhi uniite.

Hukuniita. Ilikuwa imebaki chaji kidogo, vikakaza, ukatoka. Adhuhuri simu ikaita. Mzee Pazi. "Njoo hapa msikitini, mama. Kiatu kimegoma."

Nilikimbia na kanga yangu ya jikoni. Nilikukuta umekaa kwenye kizingiti karibu na mabomba ya udhu. Kiatu cha kushoto mlishakivua kwa kukivuta. Cha kulia kilikuwa kimeganda kwenye ule mguu unaovimba, ukibonyeza kimya, hakuna nyuki wala nini. Ndani hotuba ilikuwa inaendelea. Pazi alikuwa anavuta, jasho linamtoka, na wewe uso umekukunjamana kwa maumivu.

"Ingia ukaswali," ulimwambia. "Mimi hata udhu sina, mguu huu utaoshwaje?"

Nikapiga magoti. Nikaingiza kidole, nikarudisha ulimi wa kiatu nyuma kidogo kidogo, nikipinda kisigino kama navua shanga kwenye shingo ya mtoto. Kilipochomoka, imamu alikuwa anatoa salamu. Ijumaa ilikuwa imekupita ukiwa mlangoni, kwa mkono wangu.

Watu wakaanza kutoka. Mmoja akasimama akauliza kulikoni. Nilifumba macho nikangoja.

"Nilisahau kuvichaji," ulimwambia. "Uzee huu, bwana."

Nyumbani nilikuletea chakula, sikuweza kukaa. Nikasema, "Baba, mimi sikuviweka."

"Najua. Waya niliuona kwenye simu yako."

Ukala tonge mbili tatu. Kisha ukasema, "Viatu niliviomba mwenyewe. Nilimwambia Salma atafute kitu. Kila asubuhi nikitazama chini naona utosi wako. Umejaa mvi, Mwanahawa. Ukiinuka unashika kiuno unafikiri sioni. Mie nilizaa mtoto, sikuzaa mtumishi."

Nililia. Na hata pale, na machozi yananitoka, wivu haukunipisha. Nikakuuliza, "Kwa nini ulimwambia Salma, hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia, ungekubali kuacha?"

Nisingekubali.

"Basi," ukasema, ukaniomba maji.

Kuanzia kesho yake ulinitaka nilete kigoda nikae na uji wangu mwenyewe. Ulivaa mbele yangu, viatu vikalia, halafu tukakaa. Hakuna aliyekuwa anamfanyia mwenzake kitu. Zile asubuhi za mwisho ndizo ninazozikumbuka zaidi, kuliko hata za kamba.

Kwa hiyo viatu vile vina faida au ni kupoteza? Mtu mwenye mikono miwili mizima naona anachezea hela yake. Na Ijumaa ile vya kunata vingekuokoa, hilo nalisema hata leo. Lakini nilikuona ukitoka chumbani umevaa mwenyewe, kichwa juu, na hicho mimi na magoti yangu sikuweza kukupa. Sasa viko kwa mzee mmoja wa Mwananyamala aliyepooza upande kama wewe. Mkewe hunipigia kuuliza habari za chaji. Namwelekeza kwa makini sana.

Salma alifika siku ya tatu baada ya kukuzika. Hakukuona. Tulipokuwa tunapanga nguo zako aliketi kitandani pako, kiatu kimoja mapajani, akaniuliza, "Dada, asubuhi mlikuwaga mnaongea nini na baba?"

"Mambo mengi."

"Mambo gani?"

Nilitaka kumwambia hungeelewa, hukuwepo. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno.

"Nilikuwa nakuonea wivu," akasema, "mpaka siku nyingine nashindwa kukupigia. Kila nikimpigia yeye ananiambia Mwanahawa kasema hivi, Mwanahawa kapika hivi. Mie nilituma viatu tu. Miguu ulikuwa nayo wewe."

Nikalimeza lile neno. Nikakaa karibu yake, nikamweleza ya banda la kuku. Akacheka na kulia pamoja. Kumbe hiyo hakuwahi kuisikia, baba. Wewe na yeye mlikuwa na zenu, nami zangu, na mimi maisha yote nilidhani ghala ni moja na ufunguo anao yeye.

Sasa ananipigia kila wiki, namsimulia kisa kimoja kimoja. Nimempa Masasi. Nimempa jinsi ulivyomposa mama ukakataliwa mara ya kwanza. Kimebaki kimoja, ulichonisimulia asubuhi ile ya mvua, wiki moja kabla hujaondoka. Ameshanusa kwamba kipo, ananibembeleza. Sijampa, na hapa pia sikiandiki. Wivu haujaniisha, baba. Hicho niachie.

Lala salama, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Mimi mwanao wa kwanza,
Mwanahawa