Zulia la Mama

Jumapili, Buzebazeba

Na nilimwambia wazi kabisa. Doa la mawese kwenye zulia la sufu linanyunyiziwa unga unyonye mafuta, kisha linafutwa taratibu kwa maji baridi na sabuni kidogo. Wifi yangu akaitikia, "Sawa, wifi."

Niliporudi kutoka sokoni nikamkuta amelimwagia maji ya moto na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, analisugua kwa brashi. Rangi imetoka, sufu imejikunja.

"Si limetakata?" akaniuliza.

Hicho ndicho kitu pekee alichoniachia marehemu mama.

Mume wangu hakumkemea dada yake. "Ni zulia tu," akasema. "Tutanunua jingine."

Lakini hilo ambalo mama alisujudu juu yake maisha yake yote, atalinunua duka gani?