Jina la Baba Kwenye Marejeo Yako

Mdogo wangu Salimu,

Umelala Misima karibu na baba, nami ningali na kazi yangu ya udaktari hapa hospitalini Korogwe, naamka kila asubuhi na wivu wangu juu yako. Nimeona nikuandikie hadharani, maana waliokusifu msibani walikusifu hadharani.

Unakumbuka tulivyozunguka Kwaluguru na Mazingara mwaka ule watu walipohamia vijiji vya ujamaa? Wewe ulikuwa ukiwatoboa watoto vidole kutafuta malaria, mimi nikipokea choo chao kwenye vikopo kutafuta minyoo ya safura. Kwako walikuja wakilia, kwangu walikuja wakicheka. Jioni tukila ugali na mlenda kwa mwenyekiti wa kijiji ulinitania, "Kaka, kazi yako inanuka." Wakati ule tulikuwa sawa. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu.

Kisha tukaandika. Makala yako ilichapishwa Ulaya, yangu Dar es Salaam. Ukaandika nyingine, na nyingine tena. Kila jarida jipya lilipofika hospitalini nililifungua kutoka nyuma, kwenye marejeo, nikateremsha kidole hadi herufi ya M. Mhina, jina la baba yetu, lilikuwepo, na kila mara Mhina huyo alikuwa wewe. Watu wa Nijeria, wa India, wa nchi ambazo mama hajawahi kuzisikia, walijenga kazi zao juu ya yako. Ya kwangu ilirejelewa na mtu mmoja tu, nawe ndiye mtu huyo. Hilo liliniuma kuliko kutorejelewa kabisa.

Siku moja mgeni kutoka wizarani aliingia ofisini kwangu, akanipa mkono kwa mikono yake miwili. "Daktari Mhina, nimeisoma kazi yako ya malaria." Nikamwambia huyo ni mdogo wangu. Akasema, "Ahaa," akauachia mkono wangu, akauliza choo kiko wapi.

Idd moja ulikuja nyumbani na jarida ukamwonyesha mama jina la baba. Mama hakujua kusoma, akaligusa tu kwa kidole. Kisha akauliza, "Na la kaka yako liko wapi?"

Ukamjibu, "Kaka anatibu watu, mama. Mimi naandika tu."

Ulisema kwa wema. Kama ungenidharau, ningepata pa kukushikia. Nilibaki natafuna wali wangu.

Ini lilipokuangusha nilikufuata hospitalini Dar es Salaam. Ulikuwa umekonda, macho ya manjano, na bado unataka kazi. "Kaka, watoto wetu walikuwa wale wale," ukasema. "Majibu ya damu ninayo mimi, ya choo unayo wewe. Tuyaweke pamoja, tuone safura na malaria zinavyosaidiana kuwamaliza damu."

Nikauliza jina la nani litatangulia. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"La mkubwa."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Wewe ndiye uliyezaliwa kwanza. Ningefanyaje?"

Tulibishana juu ya kila jedwali. Uliniita mbishi, nikakuita mwenye pupa, na wauguzi wakadhani tunagombania urithi. Sijawahi kuwa karibu nawe kama siku zile. Ukatangulia kabla jibu la jarida halijaja. Msibani mwenzako wa chuoni alisimama akasoma orodha ya makala zako, ndefu, jua linatuchoma, na mimi niliyekuosha kwa mikono yangu nikahisi wivu hata pale.

Makala yetu imetoka. Imeanza kurejelewa, tena na wakubwa wa fani. Wanaandika "Mhina na Mhina", na Mhina wa kwanza ni mimi. Nilipoliona hilo niliinuka kitini, nikatoka hadi barazani na jarida mkononi, natafuta mtu wa kumtambia. Wagonjwa walikuwa kwenye foleni. Muuguzi akaniuliza, "Kuna nini, daktari?" Nikamwambia amwite mgonjwa anayefuata. Hata wangeisoma dunia nzima, Salimu, niliyetaka aone wivu ni wewe.

Pumzika, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu akuweke pema, nami aniondolee hiki kilichonikaa kifuani, kama kinaondoka.

Wako uliyemwita mbishi,
Kaka yako