Neno la Mwindaji

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Nimechoka, mama. Leo Ijumaa, watoto wameshaondoka, nimebaki peke yangu darasani na rundo la madaftari. Mmoja ameandika: "Kunyata ni kutembea kama mwizi." Nimeshika kalamu nyekundu na mkono hautaki.

Siku uliyotufundisha neno hilo darasa la nne, nani ataisahau? Ulivua viatu, ukapita kati ya madawati kwa ncha za vidole, na unene wako wote ule, bila kutoa sauti, hadi ukamshika sikio aliyekuwa anasinzia. Tulicheka mpaka basi. Nami kwa kiherehere changu nikapaza sauti, "Mwalimu, huo mwendo wa mwizi!" Wewe hukucheka.

"Mwizi kaazima tu," ulisema. "Neno ni la mwindaji. Babu yako kule Nansio alinyata kwenye nyasi akifuata kwale, maana nyumbani tulikuwa saba na hatujala."

Halafu ikaja miaka hii ya biashara huria. Maduka yakajaa kila kitu, mshahara wako ukawa unakuja unapotaka. Minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyouzwa nje ya geti la kiwanda. Siku moja natoka sekondari na wenzangu, nikakuona. Umejitanda khanga hadi machoni, kikapu kwapani, unaambaa na ukuta wa kiwanda kwa mwendo ule ule wa darasani.

"Hebu mwoneni yule mama anavyonyata," mwenzangu mmoja akasema. "Sijui kaiba nini!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mama. Sikusema kuwa ni wewe.

Jioni ulipopakua mchuzi nikasema nimeshiba. Ukanisogezea bakuli, "Kula, mwanangu, ni samaki tu." Sijui kama uliniona pale barabarani. Nilikuwa nasubiri nikue kidogo ndipo nikuulize, ukatangulia.

Sasa mshahara unaochelewa ni wangu, na wanangu wanataka kula. Kesho naenda pale getini na kikapu chako. Sitajifunika uso.

Yule mtoto sikumpa kosa. Nimemwandikia pembeni maneno yako kuhusu babu, basi. Yeye hakuwa amefundishwa. Mimi nilifundishwa na wewe mwenyewe, na bado nilicheka. Nisamehe, mama.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.