Mkebe wa Picha Kutoka Kamachumu

Mpendwa Mama Eufrazia, shikamoo, naomba msaada wako, na ukijibu hapo gazetini tafadhali uandike kwa herufi kubwa ili mke wangu Asha asome, maana haki iko kwangu na hataki kuiona. Mimi nabanika na kuuza samaki hapa Kemondo, lakini watu wananijua zaidi kwa picha za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za bigijii tukiwa shule ya msingi, na sijisifu, ila mkoa huu mzima hakuna anayenifikia, na sitaki mpya zinazong'aa, hapana, nataka iliyokunjika, iliyomwagikiwa chai, iliyotafunwa pembe na panya, kwa sababu picha isiyochakaa ni picha ambayo haikupendwa na mtu. Mwenzangu katika mambo haya ni Mujuni wa Kamachumu, tumekusanya pamoja tangu utoto, na wakati wa vita, mabomu yalipoanguka Bukoba, watu walibeba magodoro, yeye akabeba mkebe wa picha, nikamcheka njia nzima.

Sasa Mujuni anaumwa ugonjwa huu wetu, amekonda, hatoki kitandani, na mwezi uliopita dada yake Rozi akaniletea mkebe ule ule, picha zote zimo, akasema tu, "Kaka anakusalimia." Mama, mimi si mjinga, picha hizo anazishika kutwa na kuzikoholea, kwa hiyo nikafanya la maana, nikazipanga kwenye wavu juu ya moshi pamoja na sangara ili kuua wadudu, zikatoka za kahawia na zinanuka, lakini zimepona. Asha kaninunia, anataka niende Kamachumu, mimi nasema nitampa kondakta wa basi aurudishe mkebe na salamu zangu, mtu nina watoto wa kulea. Nani ana haki?

Yunus, Kemondo

*

Ndugu Yunus, marahaba. Herufi kubwa umezipata, ila msomaji ni wewe: ASHA ANA HAKI.

Yaani umewabanika wachezaji! Nilicheka hadi machozi, halafu nikalia kweli, maana hapa kwangu Muleba nimeuguza wawili na kuwazika, nikawalisha na kuwaogesha kwa mkono huu huu unaokuandikia. Niko mzima. Ukimwi si sangara, baba. Haukai kwenye karatasi wala kwenye kikombe, na madaktari wamesema mpaka sauti zimewakauka: huupati kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Kuogopa si dhambi, sote tumeogopa. Lakini usijifiche nyuma ya watoto.

Halafu nikuulize. Umezaliwa huku, umekula senene zetu, panzi wa kukaanga, hadi ukajilamba vidole, hujui kwamba mkebe wa mtu ukija umejaa haurudi mtupu? Tena haurudishwi na kondakta! Aliyeletewa ndiye anayeurudisha, kwa miguu yake mwenyewe, na akifika anakaribishwa, anaketi. Mujuni analijua hilo vizuri. Angekutumia neno "njoo", ungetafuta sababu. Ndiyo maana akakutumia mkebe. Hakukugawia picha, ndugu yangu, amekuita. Na mwezi mzima sasa yuko kitandani anasikiliza mlango.

Kwa hiyo ukifika hapa usimalize ukurasa. Senene wameanza kuanguka. Asha akaange, mkebe ujae, na picha uziweke kwenye bahasha na harufu yake hiyo hiyo. Kesho asubuhi panda basi. Usiseme Jumamosi, kesho! Ukifika usisimame mlangoni kama karani wa kodi ukiuliza hali. Keti kitandani kwake, mpe mkono, kuleni senene kutoka mkebe mmoja, kisha mtandaze picha zenu mzozane kama zamani. Unajitapa kwamba unapenda kilichochakaa. Haya, rafiki yako amechakaa. Tuone.

Na ule moshi umweleze mwenyewe, neno kwa neno, usifiche kitu. Siku ya mabomu yeye ndiye aliyebeba mkebe, wewe ukamcheka. Safari hii ubebe wewe, na umwache acheke yeye, maadamu pumzi ya kucheka bado anayo.

Mama Eufrazia