Pumzi Niliyoificha

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ukiondoa kifua, ambacho tumeshazoeana kama mke na mume waliochokana. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Yapo mambo ambayo kwenye simu yananishinda kusema.

Uliponiambia nihamie kwako pindi nitakapoweza kupanda ngazi za ghorofa yenu, nilikwenda hospitali nikiwa na nia hiyo tu. Daktari alieleza kwamba moshi wa jiko la shule umeshaharibu mapafu na hayatarudi kama zamani, lakini misuli ya kupumulia inaweza kufundishwa ikapata nguvu. Akanipeleka kwa dada wa mazoezi, binti mpole ila hana mzaha na kazi. Huyo akanikabidhi kifaa kama filimbi nene, ndani kina springi. Unakitia mdomoni, unavuta hewa, springi inakubania. Ukizoea, anaikaza.

Basi nikufiche nini, mwanzoni niliaibika. Nilikuwa nakipuliza. Nilipuliza asubuhi na jioni mpaka macho yakanitoka pima, kisha nikaenda kwake kujisifu. Aliponitazama nikifanya, alicheka hadi akakaa chini, akasema kinachotakiwa ni kuvuta. Nikamjibu kwamba mtu aliyepikia shule nzima kwa kuni mbichi hajui kazi nyingine ya mapafu. Tangu siku hiyo darasa zima la wagonjwa tunaofanya naye mazoezi linaniita Mpuliza Moto, na dereva mmoja mstaafu hunishikia kiti kando yake.

Hao ndio watu wangu sasa. Tunakaa duara, kila mtu na kifaa chake mdomoni, kisha tunataniana mpaka tunakohoa. Nikirudi nyumbani nawasha redio hata kama siisikilizi. Tangu shemeji yako afariki na wanangu waende zao, siku inaweza kuisha sijatamka neno. Upweke ni mbaya, mdogo wangu.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita dada wa mazoezi alinipima kwa mashine yake, akasema nikionyesha nguvu ya kutosha ataniruhusu niondoke darasani, nafasi yangu apewe mgonjwa mwingine. Nikavuta nusu, nikajikohoza. Akanihurumia, akaniambia tusikate tamaa. Juzi alinipima tena, nikafanya vilevile. Nilipotoka kwake nikazijaribu ngazi za hospitali, polepole, nikipumzika kila kona, nikafika juu kabisa. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo ngazi zenu naziweza. Ninachoogopa ni kwamba ulinikaribisha kwa sababu ulijua sitaweza. Nikionyesha kwamba nina nguvu, halafu wewe ukanyamaza, nitakuwa nimekosa darasa na nimekukosa wewe.

Niambie ukweli, sitakasirika. Ukiniandikia "njoo", siku hiyohiyo nitakwenda kwa yule binti nivute kwa nguvu zangu zote.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Nasubiri jibu lako, hata likiwa fupi.

Ni mimi dada yako.