Shangazi Ametufikisha Mlangoni Akanyamaza

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisikilize kwani nimekwama na sina wa kumwambia. Naandika hadithi fupi za kutisha, naishi Malindi, na kila nikiandika watu wanacheka, maana jini wangu huwa ameshatoka na kwato zake kabla msomaji hajakaa vizuri, na damu juu, na popo, na radi, hata Emily, mhariri anayetukusanyia kitabu kule Kilifi, aliniambia hadithi zangu zina kelele nyingi lakini hazimtishi mtu. Sasa juzi, mchana kweupe, nilimkuta shangazi yangu Bi Hindu amekaa na majirani anasuka mkeka, akaanza kusimulia kisa cha msichana aliyetumwa na mama yake apeleke bakuli la mchuzi nyumba ya jirani, na mama akabaki nyumbani anakuna nazi. Msichana akapiga hodi, kimya, ila akasikia harufu ya udi uliotiwa motoni sasa hivi. Akapiga ya pili, akasikia viatu vya mti vinashuka ngazi polepole, vikasimama nyuma ya mlango. Akainua mkono apige ya tatu, ndipo akaona kufuli, mlango umefungwa kwa nje. Akapiga hivyo hivyo, na ndani akaitikiwa, "Karibu, mwanangu," na sauti ilikuwa ya mama yake.

Shangazi akaishia hapo, akachukua ukindu mwingine. Wallahi chai ilipoa mikononi mwa watu, na Jhanvi wa dukani aliyekuja kuchukua mkeka wake aliondoka bila mkeka. Tulimwomba amalize, akasema, "Nimewafikisha mlangoni, mimi kazi yangu imekwisha."

Nikakiandika, lakini Emily akataka mwisho, eti wasomaji watajiona wameibiwa, basi nikamwingiza msichana ndani akakuta maiti ya mama yake inacheka. Nikamsomea shangazi nikidhani atafurahi. Alinitazama, akauliza, "Kwa nini umemfungulia?" akainuka akaingia chumbani, na tangu hapo hanisemeshi, naye ndiye aliyenilea. Sasa najiuliza kama msichana ni yeye mwenyewe, maana mama yao, bibi yangu, alifariki shangazi akiwa msichana na baba bado hajaanza kutembea, na shangazi hamtaji kabisa. Nimefikiria kumwomba baba ambane dada yake aseme yote, nipate mwisho wa kweli. Emily anaingoja hadithi. Nifanye nini?

Zainab, Malindi

JIBU

Marahaba, Zainab. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimegeuka kutazama mlango wangu, tena jua likiwaka.

Una mwalimu ndani ya nyumba, nawe wakimbilia popo. Hebu tazama alivyofanya shangazi yako. Harufu ya udi haimdhuru mtu. Viatu vya mti vimo katika kila nyumba ya zamani, na kufuli kila mtu analo. Hakuna hata kimoja cha kuogofya, ila kila kimoja kimemwondolea msichana sababu moja ya kutulia, nasi tumo naye. Halafu lile lililoniacha mdomo wazi. Sisi sote tumelelewa kwamba ukipiga hodi ya tatu usiitikiwe, unaondoka zako, kwa hiyo tulikuwa tunahesabu tukijua kwamba baada ya hiyo mtoto amesalimika. Kumbe anakaribishwa. Na mtoto aliyelelewa vizuri akikaribishwa anaingia, seuze akiitwa na mama yake. Adabu aliyofundishwa ndiyo imemnasa. Nimesikiliza mengi maishani, lakini sijapata kuona hofu kubwa hivyo ikijengwa kwa maneno machache hivyo.

Wewe ukaja na maiti inayocheka. Maiti tukishaiona tumemaliza, tunakwenda kupika. Nyuma ya mlango uliofungwa, kila msomaji anamweka yule anayemwogopa yeye.

Lakini hadithi si shida yako kubwa. Kama msichana ni shangazi yako, mimi sidhani aliingia. Nadhani aliweka bakuli chini akakimbia, na miaka yote hii anajiuliza kama aliyemwita alikuwa mama yake kweli, naye hakumwitikia. Nakisia tu, sijui. Ila wewe bila kukisia wala kuuliza, ukamfungulia mlango ukamwonyesha mama yake anacheka na huku amekufa. Ningekuwa yeye, nami nisingekusemesha.

Basi fanya hivi. Baba usimtume, shangazi yako si mshtakiwa. Ukurasa wa mwisho uchane. Emily mwambie kisa kinaishia kwenye "Karibu, mwanangu," asipotaka mpe kingine, na hiki kisichapishwe mpaka shangazi mwenyewe aridhie. Kisha nenda ukakae naye, umsaidie ukindu, umwombe radhi mara moja tu, unyamaze. Akitaka kuendelea, ataendelea mwenyewe. Na akiendelea, Zainab, usiandike.