Konzi Moja Kwenye Debe la Mwenzako

Cucu, nyanya yangu mpendwa,

Nakuandikia juu ya ubao wako. Ni ule uliotoka kwenye meza yenu ya kuchagulia kahawa, ambao mjomba aliupigia miguu minne akaniletea hapa Ruring'u nilipoanza sekondari. Upande wa kulia bado una bonde dogo laini, pale mkono wako ulipopita kila siku ukivuta punje nzuri na kuacha mbaya. Daftari langu hukaa humo, na kalamu nikiiweka huteremka yenyewe hadi katikati.

Sijakuandikia tangu tukuzike. Nilidhani barua ni za watu wanaoweza kujibu. Lakini Ijumaa tuna mdahalo darasani, kama mashine zichukue kazi za watu viwandani au zisichukue, na Mwalimu Gathogo amenipanga upande wa kukubali. Nilimfuata nje nikamwomba anihamishe. Unajua jinsi sauti yangu inavyopotea mbele ya wakubwa. Akaniambia, "Wewe unasoma kila kitu na husemi chochote. Upande mgumu utakufungua mdomo." Sikuweza kumwambia kwamba nyanya yangu aliondolewa kazini na mashine. Nikasema asante, nikarudi darasani.

Tangu siku hiyo nimeandika sentensi moja tu: "Mashine haichoki." Kila nikiitazama nakuona wewe ukirudi jioni, unakaa kwenye kigoda kando ya moto na kujifuta macho kwa ncha ya leso. Jicho la kulia lilikuwa likitoa machozi hata ukicheka. Nilipokuwa mdogo nilidhani kiwandani mlikuwa mkilia kutwa.

Baadaye, shule zikifungwa, ulinichukua nikaona mwenyewe. Hamkuwa mkilia. Mlikuwa na kelele kuliko soko la Karatina. Kila mwanamke alikuwa na debe lake lenye alama ya rangi, na kazi ya kila mmoja ilipimwa kwa debe. Mama Kamau, aliyekaa mbele yako, hakuacha mtu apumue.

"Mama Nyambura, macho yako yako kwa kahawa ama yako kwa karani?" alikuuliza.

Ukamjibu, "Karani gani? Huyu amekonda hivi? Nikimpuliza ataanguka na wewe ndiwe utamwokota."

Karani wa mizani alikuwa amesimama hapo hapo. Alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Nilikuuliza mbona kuna debe mwishoni mwa meza lisilo na mwenyewe. Ukaniambia ni la Wairimu, amejifungua, yuko nyumbani. Halafu nikaona. Kila mwanamke aliyekwenda kumwaga kazi yake kwenye mizani alipita mwishoni mwa meza na kuacha konzi moja ya kahawa safi kwenye debe la Wairimu. Kufika jioni lilikuwa limejaa, na karani akalipima kama madebe mengine, akaandika kwamba Wairimu alikuwa kazini. Njiani nilikuuliza kama huo si uwongo. Tulipovuka mto ukasema, "Wairimu alikuwa kazini. Si uliona mikono yake? Ilikuwa mingi."

Nilikuwa nawe pia siku mashine ilipoletwa. Meneja aliwaita nyote uwanjani, akasema nchi imepata uhuru na sasa ni lazima ipate maendeleo. Mashine ilikuwa ya kijani kibichi, ndefu kuliko mlango. Kahawa ilimwagwa juu, ikashuka punje moja moja mbele ya jicho la kioo, na kila punje mbaya ilipopita, pumzi ya hewa iliirusha kando, pff. Wanawake walisogea karibu. Hata mimi nilisogea. Ilikuwa nzuri, Cucu, na sijawahi kukuambia hivyo.

Mama Kamau akamwuliza fundi aliyeileta, "Hii jicho yake inalala saa ngapi?"

"Hailali, mama."

"Na kwa choo inaenda?"

Watu wakacheka, hata meneja. Wewe hukucheka. Ulingoja kelele ziishe, ukauliza, "Na siku mwenzake akiwa mgonjwa, inamwekea konzi?"

Fundi alidhani hukuelewa. Akakueleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mashine haiugui, na vipuri viko. Ukamwambia, "Sawa, kijana wangu," ukafunga leso yako.

Mvua zilipoanza, meza zilitolewa nje na kukatwa. Mama Kamau alikwenda Mwea kwa dada yake, kupanda mpunga kwenye maji. Wairimu akaanza kuuza ndizi Mukurweini. Wewe ulirudi nyumbani na ubao huu kichwani.

Nilikuwa na hasira kwa niaba yako. Nilikuambia kwamba nikiwa mkubwa nitaivunja mashine ile. Tulikuwa tumeketi nje asubuhi, na Mlima ulikuwa umefunguka, hauna wingu. Ukautazama muda mrefu, kisha ukasema, "Kumbe ile theluji iko na mistari." Ndipo nilipogundua kwamba jicho lako la kulia lilikuwa kavu. Lilikuwa limepona, kwa sababu tu ulikuwa umepumzika.

"Usiivunje," ukaniambia. "Mimi sililii kazi. Hiyo kazi ilikuwa inanimaliza macho. Nalilia watu wangu."

Ulichukua sinia ya maharagwe, ukaanza kuyachagua. Yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa. Uliyachagua kila asubuhi, hadi ulipolala moja kwa moja.

Cucu, barua niliiacha hapo wiki mbili zilizopita. Naimalizia sasa.

Mdahalo ulifanyika. Zamu yangu ilipofika nilishika ukingo wa dawati. Muriithi, msemaji wa upande wa pili, alikuwa amelifanya darasa lipige meza kwa kusema kwamba mashine ni mwizi asiyefungwa jela. Niliposimama akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Washeni injini!" Wakacheka. Karatasi yangu ilikuwa na hoja nzuri, lakini sikuiona. Nikasema nyanya yangu alichagua kahawa hadi macho yake yakaharibika, na mashine ilipokuja yakapona, kwa hivyo nakubali, kazi ile ichukuliwe. Halafu nikawaeleza kuhusu debe la Wairimu. Nikasema walioileta mashine walihesabu madebe ya kahawa tu, na hili lilikuwa limejaa kitu kingine. Nikasema kama watu wanataka mashine iwaondolee kazi, basi wajue kwanza ni nani atakayewawekea konzi wale waliotoka, na watakutana wapi, kwa maana meza nayo imekatwa.

Nikaketi kabla ya muda wangu kwisha. Mwalimu akauliza, "Kwa hivyo wewe, hasa, uko upande gani?"

"Wa mashine, mwalimu," nikasema. "Lakini sikubali meza ikatwe."

Tulishindwa kwa kura nyingi. Nilikwenda nyumbani nikifikiri nimekuaibisha mbele ya watu wasiokujua.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuambia. Jumatatu iliyofuata, Wangeci tunayeketi naye alipatwa na homa, akalazwa. Kiti chake kilikuwa wazi wiki nzima. Jumanne nilichukua daftari lake nikamnakilia somo la historia, nikaliacha juu ya dawati. Jumatano asubuhi nilikuta ukurasa wa jiografia, kwa mwandiko nisioujua. Alhamisi kulikuwa na biolojia, na mchoro wa moyo uliopakwa rangi. Ijumaa nilichelewa kutoka, nikamkuta Muriithi peke yake, ameinama juu ya daftari la Wangeci, anaandika hisabati huku ulimi umetoka nje. Aliponiona akalifunika kwa mkono.

"Usiniangalie," akasema. "Ni konzi moja tu."

Wangeci anarudi darasani kesho. Daftari lake liko hapa, kwenye bonde lako, nami nalitia jalada jipya.

Lala salama, Cucu. Macho yapumzike.

Mjukuu wako, mwenye ubao